Mtetemo na Mtikisiko: Uhakiki wa Istilahi za Injini

Orodha za istilahi za ufundi wa magari huanza na majina ya vipuri, na mara nyingi huishia hapo hapo. Pistoni, silinda, krenki, beringi, klachi: kila kimoja hupewa jina na mahali pake kwa mpangilio wa alfabeti, kisha kazi ikahesabiwa kuwa imekwisha. Lakini fundi hatengenezi orodha. Yeye hutengeneza gari linalolalamika, na malalamiko ya gari ni vitendo: linagonga, linavuma, linashtuka, linatetema, linamisi. Vitendo hivyo ndivyo anavyovisikiliza kabla hajashika spana, na ndivyo ambavyo waundaji wa istilahi wamevipa nafasi ndogo kuliko vyote.

Makala haya yanahakiki sehemu moja tu ya upungufu huo, yaani maneno yanayotumiwa kueleza kutetema kwa injini pale gari kuukuu linapofumuliwa na kusukwa upya. Mifano nimeichukua Mwanza na kando ya Ziwa Victoria. Huko magari ya zamani hayaachwi yafe upesi: Land Rover iliyokwisha kutumika serikalini hununuliwa, hubebeshwa pamba, samaki au mitungi ya maji, na injini yake hushushwa mara ya pili na ya tatu katika gereji za Nyakato, Mabatini au Igoma. Mahali ambapo injini hushushwa mara nyingi ndipo msamiati wa kuishusha na kuirudisha hukomaa.

Msamiati huo, kwa hakika, una mambo ya kuwafunza wataalamu wa lugha. Mafundi husema injini “imeshushwa”, halafu “imefumuliwa”, halafu “imesukwa upya”. Tunafahamu kufumua nywele na kufumua mkeka. Tunafahamu pia kwamba kilichofumuliwa kwa mpango husukika tena kwa nyuzi zile zile, na kilichoraruliwa hakisukiki. Ndiyo maana fundi mwangalifu huweka alama kwenye flaiwili na kifuniko cha klachi kabla ya kuvitenganisha, na huandika namba kwenye kila konrodi na kofia yake, ili kila uzi urudi mahali pake. Neno limebeba ndani yake kanuni ya kazi. Ukiliweka kando ukaandika “ovaholi”, unapata neno ambalo halibebi chochote, na ambalo msomaji mwenye haraka atalidhania kuwa ni “ovaroli”, vazi la fundi. Kwa hiyo nitatumia “kufumua” na “kusuka” bila kuomba radhi.

Sasa tuje kwenye kiini cha jambo. Tutunge sentensi ya aina ambayo mwongozo wowote wa matengenezo ungeweza kuwa nayo: “Baada ya kuunganisha injini, hakikisha kwamba mtetemo umeondolewa.” Kisarufi sentensi hii haina dosari, na mfasiri aliyeiandika angeweza kuitetea kwa kamusi mkononi. Kiufundi ina makosa mawili. Haisemi ni mtetemo wa kitu gani. Na inamwamuru mwanafunzi kufanya jambo lisilowezekana.

Nianze na hilo la pili. Injini ya Land Rover iliyozoeleka sana nchini mwetu, ile ya sentimita za ujazo 2286, ina silinda nne zilizopangwa mstari mmoja. Pistoni mbili zinapopanda, mbili zinashuka, na mtu angedhani kwamba zinafutana kabisa. Hazifutani. Kwa kuwa konrodi hulala upande krenki inapozunguka, pistoni hukimbia zaidi katika nusu ya juu ya mwendo wake kuliko katika nusu ya chini. Zile mbili za juu na zile mbili za chini kwa hiyo hazilingani, na tofauti yao huisukuma injini nzima juu na chini mara mbili katika kila mzunguko wa krenki. Kasoro hii haikutokana na uzembe wa kiwanda wala wa fundi. Imo katika umbo lenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20 mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester alibuni mitaimbo miwili yenye vipande vya uzito, inayozunguka kwa kasi maradufu ya krenki ili kuifuta tofauti hiyo, na katika miaka ya 1970 kampuni ya Mitsubishi ya Japani ililifufua wazo hilo katika injini zake. Land Rover ile haina mitaimbo ya namna hiyo. Injini ya silinda sita za mstari mmoja, kama ile ya lita 4.2 iliyofungwa katika Land Cruiser nyingi za miaka ya 1970, haiihitaji, maana pistoni zake sita hufutana zenyewe.

Basi fundi wa silinda nne akiambiwa “aondoe” mtetemo, ameambiwa aondoe silinda. Atafumua injini nzuri mara ya pili akitafuta kosa lisilokuwapo, na mwenye gari atalipia gasketi mpya. Neno sahihi ni “punguza”, na hata hilo litafaa pale tu mwandishi atakapoonyesha panapopunguzwa. Ningependekeza miongozo itofautishe “mtetemo wa umbo”, ambao gari lilizaliwa nao, na “mtetemo wa kasoro”, ambao limeupata kwa kuchakaa au kwa kusukwa vibaya. Mwalimu akianza somo kwa tofauti hiyo, nusu ya maswali ya wanafunzi itakuwa imejibiwa.

Kosa la kwanza ni la ndani zaidi, na linahusu sarufi yetu wenyewe. Tunavyo vitenzi viwili, -tetema na -tikisa, na havina tabia moja. Kitenzi -tetema hakihitaji mtu wa nje: mwenye homa hutetema, uzi wa zeze hutetema, na chanzo kimo ndani ya kile kinachotetema. Kitenzi -tikisa kinahitaji mtendaji na mtendwa: upepo hutikisa mti, nao mti ndio unaotikisika. Anayesema “mti unatikisika” amekwisha kukiri kwamba kuna kitu kingine kinachoutikisa, na akili ya msikilizaji huanza kukitafuta.

Hii ndiyo tofauti ambayo fundi anaihitaji kuliko zote. Injini hutetema, bodi, usukani na kiti cha dereva hutikisika. Kati ya kinachotetema na kinachotikisika kuna njia, na matengenezo mengi hufanyika kwenye njia hiyo, wala si kwenye injini. Bomba la ekzosi lililofungwa kwa waya mpaka likagusa fremu huwa daraja: injini iliyosukwa kwa ustadi itamtikisa dereva kana kwamba haikuguswa. Dereva anaposema “gari inatetemeka”, fundi mzoefu hamwulizi juu ya injini kwanza. Humwuliza kinachotikisika ni usukani au ni sakafu, na kama ni gari likiwa limesimama au likiwa katika mwendo. Likitikisika kwenye kilomita 80 kwa saa na kutulia gia ikiwa huru huku injini ikizungushwa kwa nguvu, yaelekea kosa liko kwenye magurudumu au propela, na injini haina hatia. Wafasiri wetu wameukunja msururu huu wote ndani ya nomino moja, “mtetemo”, na hivyo wamelitupa jambo ambalo lugha ilikuwa imekwisha kuwapa bure.

Ni kweli kwamba katika fizikia ya shuleni “mtetemo” limezoeleka kwa kila mwendo wa kwenda na kurudi, uwe wa uzi, wa hewa au wa ardhi, na sina nia ya kuwaondolea walimu wa fizikia neno lao. Ninachosema ni kwamba fundi anafanya kazi mahali ambapo chanzo na mpokeaji ni vitu viwili vyenye bei mbili. Iwe basi “mtetemo” kwa injini na “mtikisiko” kwa kile kinachomfikia abiria, na mwandishi wa mwongozo asivibadilishane kwa ajili ya kupamba insha.

Katika njia hiyo ya kati ndipo ilipo istilahi iliyo mbaya kuliko zote. Injini hukalia vipande vya raba vilivyogandishwa kwenye vyuma, ambavyo gereji zote huviita “maunti” au “mauntini”. Mtu akitaka kuviita kwa Kiswahili, neno linalokuja upesi kinywani ni “kishikizo” au “kishikizi” cha injini. Ni neno zuri kwa sikio na lina mnyambuliko safi. Lakini kishikizo kazi yake ni kushika, na kadiri kinavyoshika ndivyo kinavyokuwa bora. Tumezoea kishikizo cha shati. Mwanafunzi aliyefundishwa “kishikizo cha injini” ataona raba inayocheza kuwa ni mbovu, ataikaza, na ikichakaa atatafuta kitu kigumu zaidi cha kuibadili. Ndiyo maana kile kipande cha tairi kuukuu kilichokatwa kwa kisu na kutobolewa tundu hakimshangazi mtu: kinashika kwelikweli. Tairi lina nyuzi au waya ndani yake, na ni gumu mno kwa kazi hii.

Kwa nini ugumu ni kosa? Kila kitu kilichokalishwa juu ya raba au springi kina kasi yake ya kupenda kuchezea, kama vile bembea ilivyo na yake. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 700 kwa dakika huwa na miwako miwili katika kila mzunguko, yaani mapigo kama 23 kwa sekunde. Raba huanza kuzuia mapigo hayo yasipite pale tu yanapozidi kasi ya asili ya injini juu ya raba zake kwa kiasi cha mara 1.4 au zaidi. Raba laini huiweka kasi hiyo ya asili chini, mbali na 23. Raba ngumu huipandisha, na ikiikaribia 23, haizuii tena, huongeza. Dereva aliyesimama kwenye foleni ya kivuko ataona kioo cha pembeni kikicheza hata asiweze kuona aliye nyuma yake, na atarudi gereji kudai kwamba injini haikusukwa vizuri.

Pendekezo langu ni “mto wa injini”. Mto hubeba na hubonyea; hakuna anayetarajia mto uwe mgumu, na mto uliogandamana kila mtu anajua kwamba haufai. Najua litatolewa pingamizi kwamba mto ni wa maji. Lakini Kiswahili kimekaa na mito miwili kwa karne nyingi, na hata mkazi wa Magu, anayeuvuka mto Simiyu kila wiki, hajawahi kuulalia kwa makosa.

Maelezo mengine yanayokosewa ni yale ya uzito. Neno “kusawazisha” limebebeshwa mzigo mwingi mno. Tunasawazisha uwanja, tunasawazisha hesabu, na tumelipeleka pia kwenye magurudumu, kwenye krenki na kwenye flaiwili. Kwa flaiwili ni upotoshaji. Flaiwili huhifadhi nguvu ya mwako mmoja ili krenki isizubae kabla ya mwako ufuatao, hulainisha mzunguko. Haiondoi hata chembe ya kule kutolingana kwa pistoni, na fundi atakayefunga flaiwili nzito zaidi akidhani “inasawazisha” atapata injini inayochelewa kuchangamka huku ikitetema vile vile kwenye mwendo wa kasi. Flaiwili na iitwe gurudumu la kulainisha, au ibaki flaiwili. Isiitwe gurudumu la kusawazisha.

Kwa kazi ya kulinganisha pistoni na konrodi tunalo neno ambalo wasomaji wa jarida hili wanalifahamu kwa namna nyingine. Mshairi huhesabu mizani ya kila mshororo, na mshororo mmoja ukizidi kwa silabi moja shairi zima huchechemea. Injini nayo huchechemea hivyo hivyo. Mtu akinunua pistoni tatu za kiwanda kimoja na ya nne ya kiwanda kingine, hata zikiwa na kipenyo kimoja, huenda zikatofautiana kwa gramu nyingi, na tofauti hiyo hugeuka kuwa nguvu inayokua kwa kipeo cha pili cha kasi: mzunguko ukizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nne. Dawa yake ni kuzipima zote, kuitafuta iliyo nyepesi, na kuzipunguza nyingine kwa tupa mahali pasipohatarisha uimara wake mpaka zikaribiane kwa gramu moja au mbili. Mwanza, mji wa biashara ya dhahabu, haukosi mizani inayosoma sehemu za gramu. Mizani ya sonara inatosha kabisa kwa pistoni. Kazi hiyo nashauri iitwe “kutia mizani”: kuzitia pistoni mizani, kuitia krenki mizani. Neno “kubalansi” libaki kwenye matairi, ambako limekwisha kujenga nyumba.

Lipo pia jambo ambalo halina jina kabisa. Krenki ndefu, hasa ya silinda sita, husokotwa kidogo na kila mwako na kujirudisha, kama kamba ya ndoo inavyofanya kisimani. Mwendo huu hauonekani kwa macho wala hausikiki kitini; krenki inaweza kukatika kwa sababu yake huku dereva akisifu ulaini wa gari. Watengenezaji waliweka mbele ya krenki puli yenye pete ya nje iliyogandishwa kwa raba, ili raba hiyo iule msokoto na kuugeuza joto. Raba ikichoka, pete ya nje huteleza, na pamoja nayo huteleza alama za taimingi zilizochorwa juu yake. Fundi hupanga taimingi kwa alama zinazodanganya, injini ikakosa nguvu, lawama ikaiangukia kabureta. Ukiuita mwendo huu “mtetemo”, mwanafunzi atautafuta kwa kuweka mkono juu ya injini, wala hataupata. Uitwe “msokoto wa krenki”, na puli hiyo iitwe “puli fifishi”, kwa maana kazi yake ni kufifisha.

Hapo tumegusa vitenzi vingine viwili ambavyo vitabu huvichanganya chini ya “kuzuia”. Mto wa injini hutenga: huiacha injini icheze na kuinyima njia ya kupita. Puli fifishi hufifisha: huula mwendo wenyewe. Manahodha na wahandisi wa meli wanaijua tofauti hii vizuri, kwa kuwa injini kubwa za meli huweza kuwa na kasi fulani ambazo hazitakiwi kukaliwa, bali huvukwa haraka, kwa ajili ya msokoto wa mtaimbo. Ilipofungwa injini mpya MV Victoria, iliyoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kurudi katika safari ya Bukoba mwaka 2020, haikuwa kazi ya gereji. Lakini Mswahili anayesomea injini za meli na Mswahili anayefumua Land Rover kilomita chache kutoka bandarini wanastahili kutumia kitenzi kimoja kwa jambo moja.

Nimeacha mwisho maneno mawili ya mitaani ambayo nina hukumu tofauti juu yake. “Kumisi” naliunga mkono. Silinda moja isipowaka, injini hutetema kwa mdundo wa kuruka pigo, na fundi husema “inamisi”. Neno ni fupi, limeingia katika ngeli na nyakati zetu zote, na halichanganyiki na jingine. Lina faida kubwa zaidi: linautenga ugonjwa wa plagi, nozeli au mgandamizo na magonjwa yote niliyoyaeleza, na kila mwongozo ungepaswa kuanza nalo, kwa sababu hakuna mto wala mizani itakayoiponya injini inayomisi. Kutafuta neno safi zaidi la kuliondoa ni kupoteza muda wa kamati.

“Sailensa” silikubali. Gereji nyingi hulitumia kwa ule mwendo wa injini gari likiwa limesimama bila kukanyagwa mafuta: “sailensa iko chini”, “inazimikia kwenye sailensa”. Lakini neno hilo hilo ni jina la chombo cha kupunguza kelele kwenye ekzosi, na yote mawili huhusika mtu anapochunguza mtikisiko. Mwanafunzi akiandikiwa “pandisha sailensa kidogo, mtikisiko utapungua”, ana haki ya kuingia chini ya gari na waya mkononi. Maana iliyokusudiwa ni ya kweli na yenye manufaa: kupandisha mzunguko kutoka 600 hadi 700 huyapandisha mapigo kutoka 20 hadi 23 kwa sekunde, na mara nyingi huo ndio umbali unaohitajika kuikwepa kasi ya asili ya mito. Ninapendekeza “mwendo wa kungoja”, maana ndivyo injini ifanyavyo. Kama mafundi wa Nyakato wanalo lililo bora, na si ajabu wakawa nalo, kamati iende ikalichukue huko kabla orodha haijapigwa chapa, na iende na daftari la vitenzi.